Fundi Silas Nilimzaa kwa Mdomo Wangu

Makosa ni yangu. Sitasema shetani alinipitia, maana siku hiyo nadhani shetani mwenyewe alikaa kando akinitazama kwa mshangao. Nilidanganya kwa mdomo wangu, nikiwa nimeshiba, akili timamu, mchana kweupe. Na uongo huo ulikaribia kunivunjia nyumba.

Jina langu siandiki. Kisumu ni mji mkubwa ukiwa unatafuta kazi, lakini ukiwa na aibu ni kijiji kidogo sana. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Jua tu kwamba ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, mimi mke wa karani, mama wa watoto watatu, tukipanga nyumba Migosi. Sogea karibu nikwambie. Nimechoka kusikia jambo hili likisimuliwa na watu wengine, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Mume wangu, Baba Akinyi, kazi yake ilikuwa Port Victoria. Alikuwa anapima samaki wa wavuvi, wale mbuta wakubwa wa ziwani, kabla hawajapakiwa kwenye lori. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, akinuka samaki na akibeba samaki. Mimi nilibaki na watoto, na kikundi cha akina mama wa kanisa, na Mama Brenda.

Mama Brenda alikuwa jirani yangu. Kati ya nyumba yake na yangu palikuwa na ua wa michongoma tu. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. Kila mwezi tulikutana kwa mmoja wetu. Tunaomba, tunaimba, tunakunywa chai, na macho yetu yanapima makochi ya mwenye nyumba. Usiniambie nyinyi hamfanyi hivyo!

Basi mwezi mmoja tukaenda kwa Mama Brenda. Yawa! Sebule ilikuwa imepakwa rangi mpya, rangi ya maziwa, ukuta laini kama shavu la mtoto. Ni kazi ya Owino, fundi wa rangi wa mtaa wetu. Mama Brenda hakusema kitu. Alituacha tu tukae mle ndani tuteseke.

Nikarudi kwangu nikatazama ukuta wangu. Chini, watoto walikuwa wamechora ng'ombe na magari ya matatu. Katikati, pale wageni wanapolaza vichwa, kulikuwa na madoa ya mafuta ya nywele. Juu, moshi wa taa za miaka yote stima ilipopotea. Na mkutano uliofuata ulikuwa wangu!

Nikamwambia Baba Akinyi tumwite Owino.

"Ukuta umelala njaa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi uache." Akachukua mfuko wake akarudi Port.

Shule zikafungwa. Watoto nikawapeleka dala, kwa nyanya yao kule Ugenya. Nikabaki peke yangu na ule ukuta, tunatazamana. Siku ya tatu ya kutazamana nikasema: kwani kupaka rangi ni nini? Mimi nikiwa msichana kule Asembo nilisiriba nyumba ya mama yangu kwa mavi ya ng'ombe, watu wakaja kuitazama. Simiti itanishindaje?

Nikaenda duka la rangi karibu na steji ya matatu. Kulikuwa na mkebe mmoja mkubwa wa rangi ya mafuta, ulichanganyiwa mteja fulani akaukataa, kwa hivyo ulikuwa wa kutupwa bei.

"Mama, hii rangi safi kabisa," mwenye duka akaniambia. "Mwenyewe alibadilisha roho tu."

Nilipofungua mkebe nyumbani nilielewa kwa nini alibadilisha roho. Ilikuwa rangi ya ufizi. Sina neno lingine. Fungua mdomo wako mbele ya kioo, utaiona. Lakini hela ilikuwa imeisha, hata ya kumlipa Owino siku moja sikuwa nayo. Nikafunga roho.

Gauni sikutaka kuharibu. Nikavaa longi ya zamani ya Baba Akinyi, ile suruali yake ndefu, shati lake la kazi, na kofia yake, nywele zote ndani. Sasa wewe kumbuka ilikuwa miaka gani. Mama wa kanisa ndani ya longi! Nikiwa na akili ningeona hatari hapo hapo. Badala yake nikafunga mlango kwa ufunguo, nikatundika mashuka madirishani mtu asinione, nikapanda juu ya meza.

Rangi ilikuwa nzito kama ugali. Nikaongeza mafuta ya taa kidogo iwe nyepesi. Ikawa nyepesi. Nikaona, ah, kumbe nikiongeza tena itafika kuta zote nne. Nikaongeza. Ikafika, lakini ilifika kwa miguu yake yenyewe. Unapaka hapa, inatelemka mpaka pale. Michirizi, michirizi, kutoka juu mpaka sakafuni, mingine minene, mingine myembamba, kama mvua kwenye kioo cha basi. Nikifuta mmoja, wanazaliwa mapacha.

Lakini nakwambia ukweli, nilifurahi! Harufu ilikuwa imenipanda kichwani, redio inaimba, hakuna mtoto anayeita mama. Nikajikuta napiga mluzi. Mimi! Mtu akibisha mlango, nanyamaza kama mwizi. Akienda, naendelea. Jioni nilitoka nyuma bombani kuosha brashi, nikachuchumaa nimewapa michongoma mgongo, mluzi mdomoni. Hivyo hivyo siku kadhaa, mpaka nikamaliza.

Kwa mchana ilikuwa mbaya. Jioni, kama stima hakuna, haikuwa mbaya sana.

Siku ya mkutano ikafika. Rangi ilikuwa bado inanata. Mama mmoja aliegemea ukuta wakati wa maombi, akaondoka na mstari wa pinki mgongoni, na sisi kwa adabu zetu hakuna aliyemwambia. Baada ya amina, Mama Brenda akasimama. Akaenda karibu na ukuta, akafuata mchirizi mmoja kwa kidole, bila kugusa, kutoka juu mpaka chini.

"Mama Akinyi, nani amekupakia?"

Mungu ni shahidi wangu, nilifungua mdomo niseme ni mimi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini Mama Brenda hakuwa amemaliza.

"Maana siku hizi kuna watu wanajipakia nyumba wenyewe," akasema, "kama wafungwa wanaopaka chokaa mawe ya kwa chifu."

Akina mama wakacheka. Walicheka wote, mpaka yule wa pinki mgongoni.

"Ni fundi," nikasema. "Kutoka Nairobi."

Kicheko kikakatika.

"Nairobi?"

"Anaitwa Silas. Anapakia wakubwa." Jina hilo lilikuwa la mwalimu wangu wa Sunday school, marehemu. Mzee wa watu nilimfufua bila ruhusa.

"Na hii michirizi?"

"Ndiyo mtindo wenyewe. Inaitwa mawimbi."

Mama Brenda akarudi nyuma hatua chache. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mawimbi," akasema polepole. "Mimi niliona mara moja."

"Hata mimi niliona," mwingine akadakia. "Ukisimama hapa, yanatembea."

"Kama ziwa!"

"Kama ziwa kabisa!"

Ningeacha hapo ningepona. Lakini uongo ukisifiwa una utamu wake. Wakauliza Silas ni mtu wa namna gani. Nikasema mrefu, mpole, ameokoka. Anakula nini? Nikasema dagaa wa omena hagusi, yeye ni mbuta wa mchuzi tu, na ugali wa moto. Jamani! Sikuwa nimeulizwa kama ugali ulikuwa wa moto!

Halafu Mama Brenda akauliza, kwa sauti ya chini, kama Silas aliona nyumba yake.

"Alichungulia," nikasema. "Alicheka. Akasema ukuta laini hivyo ni wa zahanati. Akauliza nani alifanya hiyo kazi."

Uso wa Mama Brenda ulianguka. Nilimwona. Na nikasikia raha, nakiri mbele yako, nikasikia raha tumboni kama mtu aliyekunywa chai ya maziwa.

Mtu ambaye sikumfikiria hata kidogo ni Owino. Alikuwa ameahidiwa nyumba tatu katika mtaa wetu kabla ya shule kufunguliwa. Akina mama wote wakamwambia asubiri kwanza, wanangojea mawimbi. Siku moja tulikutana njiani, yeye ngazi begani, brashi zimekauka.

"Mama Akinyi, huyo Silas akirudi, naomba unikutanishe naye," akaniambia. "Labda kuna kitu nitajifunza."

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anaomba kweli. Nikasema sawa, nikapita haraka. Baada ya hapo sikumwona tena mtaani. Nikasikia amekwenda Ahero kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mpunga.

Nyumbani kwangu nako hapakukalika. Kila siku mtu mlangoni: "Silas anakuja lini?" Nikasema yuko Eldoret. Nikasema amevuka Kampala. Nikasema mkono unamuuma. Mmoja alinipa dawa ya kuchua nimpelekee. Unadhani bado ninayo? Niliimaliza mwenyewe mgongoni.

Ndipo Baba Akinyi akaja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kabla ya kufika nyumbani alipita kwa kinyozi, na kinyozi akampongeza kwa nyumba, akamwambia Silas amefanya kazi. Baba Akinyi akauliza Silas ni nani. Kinyozi, kwa wema wake wote, akamwambia yote anayoyajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua mengi.

Aliingia hakunisalimu. Akaweka samaki wake mlangoni, akatazama kuta zote nne, moja baada ya nyingine.

"Silas ni nani?"

Na mimi, mjinga, nikatabasamu. "Aa, umesikia? Ni fundi tu."

"Nani alimleta?"

"Alijileta."

"Nani alimlipa?"

Hapo nikakwama. Baba Akinyi alijua kila shilingi iliyolala katika nyumba ile. Nikasema lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa napika, naacha mwiko.

"Hakulipwa. Alifanya bure."

Baba Akinyi akakaa. Si kwenye kochi, kwenye mkono wa kochi, kama mgeni ambaye hakai sana.

"Mwanamume ametoka Nairobi," akasema. "Amekuja kwangu, mimi niko Port, watoto wako dala. Amefunga madirisha na mashuka yangu. Ameshinda humu siku kadhaa. Amepaka nyumba yangu bure."

Alivyoipanga hivyo, hata mimi nilianza kumshuku Silas.

"Na anapenda mbuta wa mchuzi," akaongeza. "Kinyozi ameniambia. Kinyozi, Mama Akinyi! Kinyozi anajua mwanamume anakula nini nyumbani kwangu!"

Nikapiga magoti. "Baba Akinyi, hakuna Silas! Ni mimi nilipaka!"

Akacheka, lakini si kicheko. "Wewe? Wewe unayeogopa kupanda kiti kubadilisha balbu?"

"Ni mimi, haki ya Mungu! Nilivaa longi yako!"

Nikakimbia chumbani, nikaleta longi, nikaleta shati na kofia, zote zimejaa ile rangi ya ufizi. Nikaziweka miguuni pake. Nilikuwa na hakika nimepona. Akaiokota longi kwa vidole viwili, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Kumbe hata nguo zangu ulimpa avae."

Uwi! Unaona? Kila nilichotoa kunitetea kilirudi na kunishitaki.

"Mama Brenda alimwona kwa macho yake," akasema. "Alimwona mgongo. Amechuchumaa bombani kwangu, kofia yangu kichwani, anapiga mluzi."

"Ni mimi nilipiga mluzi!"

"Mwanamke hapigi mluzi," akasema, akasimama, akachukua mfuko ambao hata hakuwa ameufungua. Akaenda dala.

Yule samaki alibaki mlangoni. Nilimpara huku nalia, nikampika, nikashindwa kumla. Harufu yake tu ilikuwa kama ya Silas.

Sijui umewahi kukaa katika nyumba ambayo watu wameondoka kwa sababu yako. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na watoto hawakurudishwa. Akina mama wa kikundi waliokuwa wanabisha kila siku waliacha kubisha. Nikipita, mazungumzo yanageuka kuwa habari ya mvua. Na usidhani walinichukia! Walinihurumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja alinishika mkono sokoni Kibuye akaniambia, "Dada, sisi sote ni binadamu." Nilikuwa ninunue nyanya, nikarudi bila nyanya.

Kisha nikapata habari kutoka dala: mama mkwe wangu anakuja na mwanawe. Anataka kuona kwa macho yake. Baada ya hapo, kama kuna wa kurudi Asembo, atarudi.

Walikuja asubuhi. Mama mkwe ni mwanamke mfupi, mkavu, haongei sana. Nilimletea chai, hakuigusa. Nikajua mambo ni mabaya, maana mama yule anapenda chai kuliko kitu chochote chini ya jua. Akaagiza Mama Brenda aitwe.

"Wewe ulimwona huyo mtu?" akamuuliza.

"Nilimwona, Mama," Mama Brenda akasema, macho chini. "Mgongo tu. Alikuwa bombani. Nilidhani ni kibarua wa bomba, mpaka niliposikia habari za Silas."

Mama mkwe akanigeukia, akaniita kwa jina la kwetu. "Na wewe, Nyar Asembo, unasema ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Rangi ilibaki?"

"Ilibaki kidogo."

"Brashi iko?"

"Iko."

"Basi vaa."

"Nivae nini, Mama?"

"Vaa kile Silas alivaa."

Wewe unayesoma, labda kwenu ni jambo dogo. Mimi mbele ya mama mkwe hata kukohoa kwa nguvu nilikuwa naona haya. Nikaenda chumbani, nikavaa longi ya mwanawe, nikavaa kofia, nikatoka. Nilitamani sakafu ifunguke. Mama Brenda aliziba mdomo kwa leso. Baba Akinyi alitazama dirishani.

Wakanipeleka chumba cha watoto, ambacho sikuwa nimekipaka. Mama mkwe akawekewa kiti mlangoni. Nje, kwenye michongoma, nikaona vitambaa vya vichwa: kikundi chote cha kanisa kilikuwa kimekumbuka ghafla kuwa kina shughuli upande wetu.

Nikachanganya. Mafuta ya taa kidogo, kisha kidogo tena. Nikapanda juu ya kiti. Nikachovya brashi. Nikapaka. Rangi ikakaa, ikafikiria, ikaanza kutelemka.

Baba Akinyi akatoka kwenda sebuleni. Akarudi. Akatazama michirizi yangu kwa karibu, akaenda tena sebuleni, akarudi tena. Nami nikaendelea kupaka, hapa, pale, na kadiri nilivyopaka ndivyo hofu ilivyopungua, mpaka nikasahau kidogo niko mbele ya nani. Na mluzi ukaja wenyewe. Haki ya Mungu sikuuita!

Kelele ikapigwa nyuma yangu. Alikuwa Mama Brenda.

"Ndiye! Ndiye yule! Mgongo ni ule ule! Silas ndiye huyu!"

Huko nje michongoma ilitikisika kwa vicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso yake. "Kumbe mwanangu alioa fundi!" akasema. Nikashuka kwenye kiti nikacheka pia, nikilia, brashi mkononi, nikidhani yameisha.

Kisha akaacha kucheka. Akanishika mkono, ule wenye rangi.

"Mtoto wangu, kazi hii uliifanya kwa mikono yako. Ungesema hivyo ungekufa?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Baba Akinyi ndiye hakucheka kabisa. Mama yake alipokwenda kunywa chai kwa Mama Brenda, maana sasa chai iliruhusiwa, alikaa nami sebuleni.

"Nimeamini hakuna Silas," akasema.

"Asante, Baba Akinyi."

"Ngoja. Nimeamini hakuna Silas. Lakini kuna mwanamke aliyenitazama machoni akaniambia yuko. Uliniambia alijileta. Uliniambia alifanya bure. Hukusita hata kidogo." Akaugeukia ukuta. "Huyo mwanamke mimi simjui, na ndiye ninayelala naye."

Watoto walirudi wiki hiyo hiyo. Ndoa ilibaki. Lakini maneno hayo nayo yalibaki, na hayakufutika na sabuni wala mafuta ya taa.

Nikaenda Ahero. Hilo hakuna aliyeniambia nifanye. Nilimkuta Owino ndani ya matope ya mpunga mpaka magotini, yeye na wenzake, mgongo umepinda. Nikasimama ukingoni, nikamweleza yote, pamoja na ile ya zahanati. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Kwa hivyo hakuna Silas."

"Hakuna."

"Na mawimbi?"

"Ni mafuta ya taa. Nilizidisha."

Akachomoa jembe kwenye matope. "Mama," akasema, "mtoto wangu amekosa shule muhula huu kwa sababu ya mafuta ya taa."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliniambia tu kwamba kumwomba yeye msamaha ni rahisi, si yeye peke yake niliyemdanganya. Niende niwaambie wale akina mama.

Nikaenda. Mkutano ulikuwa kwa Mama Brenda, katika sebule ile ile ya maziwa. Nikasimama, nikasema: "Owino ni fundi mzuri. Hakuna mtu wa Nairobi aliyemcheka. Nilimcheka mimi, kwa wivu, kwa sababu ukuta huu ulinishinda uzuri." Wengine walicheka, wengine walitazama vikombe. Nikamgeukia Mama Brenda nikamwomba radhi yeye pia. Alinikubalia. Kisha akakohoa.

"Lakini Mama Akinyi," akasema, "hata kama ni mafuta ya taa. Mawimbi ni mazuri."

"Ni mazuri," wakasema.

"Dada yangu wa Kakamega nimeshamwambia nayapata."

Nakwambia sikuamini masikio yangu! Walikuwa wamesifu sana. Kurudi nyuma ilikuwa aibu. Owino akaitwa kutoka Ahero, akapewa nyumba zake tatu na nyingine juu yake, zote mawimbi. Asubuhi moja alikuja kwangu na mkebe, uso umemkunja kama mtu aliyeagizwa apike chapati mbichi kwa makusudi.

"Mama, naomba unionyeshe," akasema. "Unamwaga mafuta kiasi gani mpaka iharibike vizuri?"

Nikamwonyesha. Mwaka huo mtaa wetu wote ulitiririka. Angalau mtoto wake alirudi shule, na hilo ndilo jambo la pekee katika hadithi hii ambalo huwa naliwaza bila kukunja uso.

Mimi jina langu la Mama Akinyi lilikwisha pale pale. Nikaitwa Silas. Sokoni Silas, kanisani Silas, hata mwenye duka la rangi aliniita hivyo, na heshima juu. Hilo nilizoea. Kuchekwa kunazoeleka, nashangaa nilikuogopea nini.

Ambacho sijazoea ni hiki. Nikimwambia Baba Akinyi nimetoka Kibuye, ananijibu, "Sawa." Nikimwambia nilichelewa kwa sababu ya mvua, "Sawa." Ni mwanamume mpole, hajawahi kunirudishia jambo lile hata tukigombana. Lakini kabla ya ile sawa kuna kimya kidogo, kama cha mtu anayetazama nyuma ya mlango kwanza. Watu wengine hawawezi kukisikia. Mimi nakisikia kila siku, na watoto wetu sasa ni wakubwa.

Kwa hivyo wewe unayesoma, mwanamke kwa mwanamume, nakuomba. Ukipaka, ukipika, ukishona, watu wakiuliza ni nani, jibu ni fupi: ni mimi. Wacha wacheke, chai itaisha na watakwenda makwao. Lakini usimwite nyumbani kwako mtu asiyekuwepo. Mwizi anafukuzwa. Mgeni mbaya anaagwa. Huyu wangu, kwa kuwa hakuwahi kuingia, mpaka leo sijui nimtoe kwa mlango gani.